MKEBE WA NYANYA: DAWA NYINGI KWA WAZEE WETU

(Mawaidha yaliyotolewa na kijana mwanachuo baada ya swala ya Alasiri, Timboroa, katika mwezi wa Ramadhan)



Sifa njema zote zinamstahiki Allah (S.W.T.), aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu tukiwa hai na wenye imani. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu. Mkiona kijana kasimama mbele siku za Ramadhan, mnatarajia atazungumzia fadhila za kumi la kwanza au Laylatul Qadr. Hayo masheikh wetu wameyazungumza na wataendelea kuyazungumza, na elimu yao yanishinda mbali. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya mkebe. Ndio, mkebe! Ule mkebe wa biskuti ulio juu ya kabati la nyanya yako. Ukiufungua ndani hamna biskuti hata moja, mna dawa.

Niseme mapema kwamba mimi si daktari, wala sisomei udaktari. Nasomea ualimu. Nilicho nacho ni kisa kilichotokea nyumbani kwetu, na mafunzo tuliyoyapata kutoka kwa daktari, mfamasia na ustadh wetu baada ya kisa hicho. Nyanya mwenyewe amenipa ruhusa nikisimulie. Alisema, "Waambie, labda kuna mtu atanusurika. Lakini usiwaambie kuwa nililia." Basi hilo nitajitahidi.

KISA CHENYEWE

Nyanya yangu ana miaka 74. Ana sukari na presha kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na kliniki haikosi. Na mnajua baridi ya huku kwetu. Timboroa tuko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kuna asubuhi unatoka kwenda shamba la viazi unakuta majani yameganda kwa baridi. Sasa magoti ya mtu wa miaka 74 katika baridi hii si mchezo.

Ramadhan ya mwaka juzi, siku ya sita, baada ya Alasiri kama sasa hivi, Nyanya alikuwa amekaa jikoni akichagua maharagwe. Mara akaanza kutetemeka. Jasho likamtoka, katika baridi ile! Akaniita kwa jina la babu yangu, ambaye Allah amrehemu alishafariki zamani. Mama akasema ni saumu imemshika. Jirani akasema ni malaria. Na mimi, msomi wa nyumba, nikasema, "Mwacheni apumzike." Tukamfunika blanketi. Muda si muda tukimwita haitikii.

Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani mbio mbio hadi hospitali. Wakamdunga kidole kupima sukari: 2.1. Sukari ikishuka chini ya 3.9 huwa tayari ni hatari, na yeye alikuwa amefika 2.1. Wakamtundikia maji yenye sukari, na kwa uwezo wa Allah akafumbua macho.

Ndipo daktari akatuuliza swali rahisi tu: "Mama huyu anatumia dawa gani?"

Tukatazamana. Mama akajibu, "Za presha na za sukari." Daktari akauliza, "Zinaitwaje?" Mama akasema, "Zile nyeupe." Daktari akatikisa kichwa, akasema dawa nyingi ni nyeupe. Nikatumwa nirudi nyumbani na boda boda nikalete mkebe.

YALIYOKUWAMO NDANI YA MKEBE

Mfamasia alimwaga mkebe wote juu ya meza, akapanga dawa moja moja. Zilikuwa aina tisa, na chupa moja ya mafuta ya habbat sauda. Kisha akatuuliza kila moja imetoka wapi. Sikilizeni vizuri.

Kliniki ilikuwa imempa nne: metformini na glibenklamidi za sukari, amlodipini na enalaprili za presha. Hizo ndizo zilizoandikwa katika kitabu chake cha kliniki.

Ya tano ilikuwa Daonil. Mwezi mmoja dawa ziliisha kliniki, na ami yangu aliyeko Nairobi akanunua akatuma kwa matatu. Kliniki ilipopata dawa tena, Nyanya akaendelea na zote mbili. Yeye aliona vidonge tofauti katika pakiti tofauti. Kumbe Daonil ndiyo glibenklamidi ile ile! Jina moja ni la dawa yenyewe, jina jingine ni la kampuni. Nyanya alikuwa anameza dozi mara mbili, zote wakati wa daku, kisha anafunga mpaka Maghrib.

Ya sita ilikuwa Lasix, dawa ya kukojoza. Miguu ilikuwa imevimba, mama akaenda kemisti, akaelezea, akauziwa. Mfamasia akatuambia kuwa amlodipini yenyewe huweza kuvimbisha miguu. Kwa hiyo tulikuwa tunatibu dawa kwa dawa nyingine.

Ya saba ilikuwa diklofenaki, ya magoti. Hii, ndugu zangu, niliileta mimi. Pesa za HELB zilipoingia nikasema na mimi nimfanyie Nyanya jambo. Nikanunua Eldoret pakiti nzima, nikamwambia, "Nyanya, meza asubuhi na jioni." Akaniombea dua mpaka nikaona haya. Mfamasia akanieleza kwamba dawa za jamii hiyo hupandisha presha na huweza kutoboa tumbo. Na mtu mzima akizimeza pamoja na enalaprili na dawa ya kukojoza, figo zake zaweza kuharibika. Alizungumza taratibu bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ya nane, omeprazoli, ililetwa na dada yangu kwa sababu Nyanya alilalamika tumbo lawaka moto. Na kwa nini lilikuwa linawaka? Mfamasia alisema inaelekea ni ile diklofenaki yangu. Ya tisa ni Piriton, ya mafua, ambayo aliipenda kwa sababu inamletea usingizi. Lakini dawa hii kwa wazee huleta usahaulifu, kukauka mdomo na kuchanganyikiwa. Sisi tulikuwa tunasema, "Nyanya amezeeka, anasahau." Pengine tulimzeesha sisi.

Na habbat sauda ilitoka kwa shangazi wa Mombasa.

Mmeona? Ukiacha zile nne za kliniki, kila dawa iliingia nyumbani kwa mapenzi. Kila mtoto na kila mjukuu alileta chake. Lakini katika sisi sote hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Nyanya, ni zipi unazotumia tayari?"

KWA NINI WAZEE ZAIDI?

Kijana anaweza kumeza vidonge hivyo hivyo asione kitu. Kwa nini mzee aanguke? Daktari alitupa sababu, na nitazieleza kama nilivyozielewa.

Dawa ikishafanya kazi yake, mwili huitoa, kwa kiasi kikubwa kupitia ini na figo. Umri ukisogea, figo hupunguza kasi. Kidonge ambacho kwako wewe kingetoka mwilini jioni, kwa babu yako kinaweza kuwa bado kimo hata kesho. Akimeza kingine, kinajiongeza juu ya kile cha jana. Ndiyo maana orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inaeleza wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa aliyepita miaka 60. Inakaa mwilini muda mrefu na kushusha sukari kupita kiasi.

Halafu kuna wingi wenyewe. Wataalamu huhesabu kuwa mtu anayetumia dawa tano au zaidi kwa wakati mmoja yuko katika kundi la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kila dawa inayoongezwa inaweza kugombana na zilizotangulia. Si kwamba dawa tano ni haramu. Wapo wagonjwa wanaozihitaji zote tano, na zinawaweka hai. Swali ni je, kila moja ina kazi? Na yupo mtu mmoja anayezijua zote?

Jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Mwaka 2017 WHO ilianzisha kampeni ya dunia nzima ya kupunguza madhara yatokanayo na dawa, na utumiaji wa dawa nyingi kwa pamoja ukawa moja kati ya mambo matatu makuu ya kampeni hiyo. Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu kama milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Hao ndio babu na nyanya zetu, na wengi wanaishi vijijini, ambako kliniki iko mbali na kemisti iko karibu.

Kuna jambo jingine nyeti, nalisema kwa heshima. Huku kwetu upande wa Eldoret, tangu mpango wa AMPATH uanze mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Moi, maelfu ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi wamepata dawa, na alhamdulillah wameishi mpaka wakawa wazee. Mzee kama huyo akipata na sukari, pengine dawa zake za virusi amezificha chini ya godoro, asijue hata mkaza mwana. Sasa dolutegraviri, inayotumika sana siku hizi, huongeza kiwango cha metformini katika damu. Tena haipasi kumezwa wakati mmoja na dawa za kutuliza asidi ya tumbo. Uislamu umetufundisha kusitiriana, na siri ya mzee ni amana. Lakini daktari lazima aambiwe. Ukiwa mzee wako amekuamini kwa siri hiyo, msindikize, umsaidie kusema.

DINI YETU INASEMAJE?

Wapo watakaosema, "Kijana, dawa ni sababu tu, mponyaji ni Allah." Ni kweli kabisa. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama watafute matibabu, aliwaamrisha wajitibu, akawaeleza kwamba Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik. Nimeisoma madrasa tangu utotoni, lakini maana yake imeniingia juzi juzi tu. Uzee wenyewe hauna kidonge! Mzee akisema usingizi umepungua, au miguu imechoka, si kila neno lake ni la kukimbilia kemisti. Mengine yanataka soksi nzito, moto wa jioni, na mjukuu wa kukaa naye.

Imamu Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, katika maandishi yake juu ya tiba ya Mtume ameeleza kwamba matabibu wamekubaliana: panapotosha chakula isikimbiliwe dawa, na panapotosha dawa moja isichanganywe na nyingine. Leo WHO inatufundisha jambo linalokaribiana na hilo.

Na habbat sauda je? Fadhila yake imekuja katika hadithi sahihi na hatuipingi. Lakini habbat sauda huweza kushusha sukari na presha, na hiyo ndiyo kazi ya zile dawa za kliniki. Ukiitumia pamoja nazo mwambie daktari, kama unavyomwambia habari ya dawa nyingine. Na miti shamba ni vivyo hivyo.

Kisha tuikumbuke Suratul Israa aya ya 23. Allah ametuamrisha wema kwa wazazi, na akataja hasa pale wanapofikia uzee wakiwa kwako, yaani wewe ndiye mwenye kuwaangalia. Sisi tumehifadhi kwamba tusiwaguniye wala tusiwakemee. Kumbe kujua anachomeza mzazi wako nako ni katika ule wema.

SAUMU NA DAWA

Sisi watu wa huku tuko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo saumu yetu haibadiliki sana mwaka hadi mwaka, ni saa 13 na kitu. Usiku unabaki kama saa 10 na nusu. Sasa mzee mwenye dawa ya kumeza mara tatu kwa siku afanyeje? Wengi wanajipangia wenyewe: zote tatu wakati wa futari, au zote wakati wa daku. Hilo ndilo kosa! Ratiba ya dawa inabadilishwa na daktari, tena kabla ya Ramadhan kuingia. Mwezi wa Shaaban ndio wakati wake.

Mengine tusijitie shaka bure. Kudunga kidole kupima sukari hakufunguzi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, ilipitisha kuwa sindano zisizo za lishe hazifunguzi, na insulini ni katika hizo. Vivyo hivyo matone ya macho, na kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi iwapo hakuna kinachomezwa. Lakini sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.6, mgonjwa afungue pale pale. Asingoje Maghrib hata kama zimebaki dakika tano.

Nyanya yangu alipoambiwa na daktari asifunge mwezi ule uliobaki, alinyamaza. Amefunga tangu akiwa msichana mdogo. Usiku ule alituambia hana thamani tena, kwamba sasa yeye ni mtu wa kukaa akitazama wenzake wakila daku. (Na hapo, Nyanya anisamehe, alilia.) Sisi tulishindwa la kumwambia. Kesho yake ustadh wetu alikuja, akaketi naye kwa utulivu. Akamkumbusha Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, kwamba ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Allah mwenyewe, na kwamba Allah hupenda ruhusa zake zichukuliwe. Akamweleza kuwa mgonjwa anayetarajia kupona atalipa siku zake, na asiyetarajia atatoa fidya, kwetu sisi wafuasi wa Imamu Shafi kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji kwa kila siku. Akamwambia, "Mama, aliyekuamuru kufunga ndiye aliyekuamuru kula."

Tangu siku ile Nyanya alipima vibaba vyake kwa mkono wake mwenyewe na kupelekea mjane mmoja jirani. Na uso wake ukarudi.

TUFANYE NINI?

Vijana wenzangu, mtu asitoke hapa akaenda kumwaga dawa za mzee wake! Kuacha dawa ya presha ghafla kunaweza kuleta kiharusi. Usiongeze kitu wala usipunguze kitu kwa rai yako. Kazi yetu sisi ni hii:

1. Leo baada ya futari, omba ruhusa kwa mzee wako, mfungue mkebe pamoja. Usiupekue kama askari. Mkebe ni wake.

2. Andika kila kilichomo kwenye karatasi moja: jina la dawa, nguvu yake, anameza mara ngapi, nani aliitoa, na ni ya nini. Angalia lile jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kampuni. Panadol ni parasetamoli. Brufen ni ibuprofeni. Majina mawili yaweza kuwa dawa moja. Andika na miti shamba, na habbat sauda.

3. Peleka karatasi hiyo pamoja na mkebe wenyewe kliniki. Uliza maswali matatu: Kila dawa ni ya kazi gani? Ipo isiyohitajika tena? Na je, anaweza kufunga?

4. Mzee akianza dalili mpya, kama kizunguzungu, kuanguka, kuvimba miguu au kusahau, kwanza uliza, "Ni dawa gani iliyoanzishwa karibuni?" Kabla ya kununua nyingine.

5. Ukitaka kumnunulia dawa kwa mapenzi, piga simu kwanza nyumbani. Na ukifika kemisti toa ile karatasi. Mfamasia hawezi kukuonya juu ya dawa asiyoijua.

6. Wekeni mtu mmoja katika familia awe ndiye mwenye orodha. Nyumbani kwetu ni mimi. Nimeipiga picha, imo katika simu yangu, na ami na shangazi pia wanayo.

MWISHO

Nyanya leo anatumia dawa nne. Glibenklamidi imeondoka kwa majina yake yote mawili, na amlodipini ilipunguzwa dozi, miguu ikashuka yenyewe. Magoti tunayatuliza kwa parasetamoli na maji ya moto, na baridi ikizidi analalamika, nami nakaa naye. Usahaulifu ule umepungua sana. Siku hizi ndiye anayenikumbusha mimi kwamba sijalipa deni la duka.

Diklofenaki iliyobaki niliirudisha kwa mfamasia. Lakini pakiti yake tupu nimeiweka ndani ya msahafu wangu... astaghfirullah, si ndani ya msahafu, ni pale kwenye rafu ya vitabu vyangu vya chuo. Nikiitazama nakumbuka kuwa nilimpenda nyanya yangu bila kumuuliza.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awape wazee wetu afya na mwisho mwema, awarehemu waliotangulia, atujaalie tuwe watoto wenye kuwafaa, atukubalie saumu za wenye kufunga na fidya za wenye udhuru. Aamin.

Nilichokosea ni kutoka kwangu, na kilicho sawa ni kutoka kwa Allah. Futari njema, na mkebe usisahauliwe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.